Joto la Siti ya Mbele

Kosa ni langu. Si la barabara, si la mvua, na wala si la yule mama wa watu aliyetwishwa lawama. Ni langu mimi, kwa mikono hii hii ninayoandikia. Jina langu niacheni nalo, lakini nisikilizeni, maana nimechoka kutembea na kosa hili peke yangu!

Mimi ni mtu wa kucheka. Ukija gereji kwetu Kihonda utanisikia kabla hujaniona. Shule niliishia darasa la saba, ila ndoto sikuziacha: leo nitagundua hiki, kesho nitaunda kile. Mjomba wangu alikuwa na Landrova kuukuu inayopanda milimani Mgeta kuchukua kabeji, karoti na abiria, akanikabidhi usukani. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno juu yako. Akikupa usukani wake, kakupa heshima yake.

Sasa, Mgeta kuna baridi ambayo mtu wa mjini hawezi kuielewa. Ukungu unaingia mpaka kwenye soksi. Siti ya mbele, ile ya jirani na dereva, tunampa mzee, mgonjwa au mama mjamzito, hakuna anayebishana. Lakini gari lilikuwa limetoboka kama chekeche, na hao hao tunaowaheshimu ndio waliokuwa wanateremka mjini meno yanagongana. Wallahi nilikuwa nawahurumia.

Ndipo nikaiona hita.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, mitumba imemwagika kila kona: nguo, mafriji, injini za Ulaya. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni macho yalitutoka! Kwa muuza spea mmoja nikakuta kidude cheusi, ukubwa wa redio ya mezani, kimefunguliwa kwenye lori la nchi za baridi.

"Hiki kinakunywa dizeli kidogo kidogo," akaniambia. "Kinachoma ndani kwa ndani, halafu kinapuliza joto. Hata ukizima injini, betri inakiendesha."

"Kama jiko la mchina!"

"Kama jiko la mchina, lakini sikiliza, dogo. Kina ekzosi yake. Moshi wake utoe moja kwa moja nje, mbali na watu. Usiupitishe ndani hata kidogo. Huu moshi huuoni."

Nikaitikia. Niliambiwa, jamani! Msije mkasema sikuambiwa.

Haraka yangu ilikuwa dada Tausi. Alikuwa na mimba ya kwanza, ameolewa huko huko Mgeta, na kwetu mtoto wa dada ndiye mtoto wako. Nilikuwa naenda kuwa mjomba! Nilishajiona namteremsha dada yangu hospitali kwenye joto kama malkia.

Nilipokuwa naifunga ile hita, paipu ya moshi ikaniunguza kidole. Nikawaza: joto lote hili tunalitupa barabarani? Kichwa cha ndoto hicho! Nikaipitisha paipu chini ya siti ya mbele kwanza, imwashie abiria joto la makalio, ndipo itokee kwenye tundu la sakafu. Vipande viwili vya paipu havikuingiana sawa, pakabaki mwanya. Kwenda kwa fundi wa kuchomelea nikaona ni kupoteza muda. Nikafanya vile tunavyofanya tangi la dizeli likivuja: nikakanda sabuni ya mche, nikaupaka mwanya, nikazungushia mpira na waya. Tangi linakubali kabisa! Safari ngapi tumeshuka ule mlima na tangi limezibwa kwa sabuni!

Ila tangi halichemki. Hilo sikuliwaza.

Mwanzoni ilikuwa sherehe. Sabuni ikipata moto inanukia, na abiria wakawa wanagombea kunisifu. "Gari linanukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa!" Mtani wangu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma kwenye kabeji: "Enyi Waluguru, mmeanza kuwabanika wazee wenu? Mkimaliza mtuitie chumvi!" Nikacheka mpaka nikakosa gia.

Baadaye ile harufu ikapotea. Nikafikiri pua zimezoea. Bibi mmoja akalalamika kichwa kinamgonga, mwingine akatapika njiani. Nikawapa malimao wanuse. "Ni kona hizi, bibi, pole sana." Na mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinaniuma, nameza dawa, naendelea.

Siku yenyewe ilikuwa mwishoni mwa masika. Nesi wa zahanati alikuwa amesema Tausi ajifungulie hospitali kubwa mjini. Nikawapakia mbele wawili: Tausi katikati, mama mkwe wake, Bi Mwanaidi, upande wa dirisha. Hamisi, mume wa Tausi, akakaa nyuma na vijana wawili na mizigo.

Hatukufika mbali. Udongo ulikuwa umemomonyoka, gari likateleza likaegemea ukuta wa mlima, upande wangu ukabanwa. Mlango wa kushoto ulikuwa unafunguka kwa nje tu, kitasa cha ndani kilikufa zamani. Hamisi akatufungulia, nikapita kwenye magoti ya kina mama nikiomba radhi, nikaruka nje.

"Baridi inaingia!" Tausi akalalamika.

"Usijali dada, leo uko Ulaya." Nikaufunga mlango. Vioo nilishavikaza kwa matambara zamani, joto lisipotee. Injini nikaizima, hita nikaiacha inanguruma.

Tukalima tope. Tukakata matawi, tukayalaza chini ya matairi, mvua inatupiga mgongoni. Katikati ya kazi nikasikia kioo kinagongwa. Nikageuka. Kioo kilikuwa cheupe kwa mvuke, nikaona kiganja tu cha Bi Mwanaidi kinapigapiga.

Nikampungia mkono.

"Tunakuja, mama! Vuta subira!"

"Mama ana haraka ya mjukuu," Hamisi akasema, tukacheka wote.

Akagonga tena, polepole. Kisha akaacha. Nikamwambia Hamisi, "Unaona? Wamelala. Joto tamu lile." Jamani, nilisema hivyo! Kwa mdomo huu!

Tulipopata njia nikafungua mlango nikawashe injini, Bi Mwanaidi akaniangukia kifuani kama gunia. Tausi alikuwa amelala kwenye usukani, hasikii akiitwa. Hamisi akapiga kelele ambayo mpaka leo nikiwa gereji, chuma kikilia vibaya, naisikia. Tukawavuta nje, tukawalaza kwenye majani, mvua ikawanyeshea usoni. Bi Mwanaidi akatapika, akafumbua macho. Tausi alichelewa. Alichelewa mno.

Hospitali walimwokoa Tausi. Mtoto alizaliwa kimya. Wa kiume. Mjomba wake ni mimi, niliyekuwa nje ya kile kioo cha gari, nacheka.

Pale pale uwanja wa hospitali nikainua siti. Sabuni ilikuwa imekauka, imekuwa unga, mwanya uko wazi kama mdomo, moshi wote ulikuwa unaingia ndani. Nikajua. Hakuna aliyeniambia, nilijua mwenyewe. Nikaing'oa hita, Mjomba nikamdanganya kwamba imeungua.

Mngedhani hapo ndipo ningesema. Mimi pia nilidhani.

Ndugu wakakaa kikao nyumbani kwa mama yetu, Mafiga, mjini. Watu wazima wakaanza kuulizana: walikuwa wawili mle ndani, mmoja kapoteza, mwingine katoka mzima, kwa nini? Tena yule aliyetoka mzima ni mwanamke mjane, kimya kimya, asiyependa maneno. Mjomba akanigeukia. "Wewe ulikuwepo. Uliona nini?"

Macho yote kwangu. Tausi yuko kwenye mkeka, kanga kichwani.

"Sikuona kitu, Mjomba."

Basi. Maneno matatu, nikajifungia mlango, na kitasa cha ndani hakuna.

Tangu siku ile Bi Mwanaidi akawa mchawi. Hamisi alimhamisha mkewe akamleta Mafiga, mbali na Bi Mwanaidi, mama yake yeye Hamisi. Gulioni watu wakaacha kununua maharage yake. Nilikuwa namkuta barabarani na mzigo kichwani, mama wa umri ule, na siti ya mbele haina mtu, lakini hakuna abiria aliyekubali kupanda gari moja naye. Hasimamishi gari langu. Anasogea pembeni, ananipisha. Nami napita! Napiga honi, napita!

Na abiria hawakunihurumia. "Dereva, lile joto letu liko wapi?" Kila safari. Mjomba naye: "Hita itengeneze, watu wanaiulizia." Nacheka, natafuta sababu, nacheka tena. Nilikuwa nacheka kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni mbele ya wakwe.

Tausi akashika mimba nyingine. Mchana mmoja nimekwenda kumsalimia, namkuta uani anachambua mchicha. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, mama mkwe asijue. Mtu mwingine yeyote ajue, yeye asijue. Nakuambia wewe kwa sababu wewe huwezi kunidhuru."

Wewe huwezi kunidhuru!

Nikakaa chini kwenye vumbi nikamwambia. Paipu, sabuni, mwanya, yale maneno matatu. Yote. Nilikuwa nalia kamasi zinatoka, mtu mzima. Aliendelea kuchambua mchicha hata majani yalipokwisha, akawa anachambua vijiti.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Nenda kawashe gari."

"Twende wapi, dada?"

"Usiniite dada sasa hivi. Twende kwa mama mkwe wangu."

Tulimkuta nje ya nyumba yake, anachagua maharage kwenye ungo. Alipomwona Tausi na tumbo lake, akarudi nyuma kidogo, kama mtu aliyezoea kufukuzwa. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikasema yote tena. Hakuinua kichwa. Maharage mabovu huku, mazima huku.

"Niligonga, mwanangu," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Ukanipungia mkono."

"Ndiyo, mama."

"Nikasema moyoni, haya, kijana wa watu ananiaga."

Tausi akamwuliza, "Mama, mbona hukutuambia kwamba uligonga?"

"Ningemwambia nani? Nilipoamka tu, kila mtu alikuwa ananitazama mimi." Akapepeta ungo, akauweka chini. "Watu wakikuita hivyo kila siku, unaanza kujichunguza. Usiku nilikuwa najiuliza, labda kweli ni mimi. Labda ninacho kitu na sikijui."

Hapo ndipo nilipoona kosa langu lote kwa ukubwa wake. Nilidhani nimemnyang'anya jina lake tu mbele za watu. Kumbe nilikuwa nimemnyang'anya hata ndani ya moyo wake!

Tuliteremka naye siku ile ile. Alikaa siti ya mbele, dirishani, akalitoa tambara kwa kucha, akakisukuma kioo mpaka mwisho. Ukungu ukaingia wote. Mkono wake akautoa nje, akauacha huko mpaka tunaingia mjini. Tulikuwa tunatetemeka watatu. Hakuna aliyethubutu kumwambia afunge.

Kwa mama, Mafiga, nikarudia mbele ya wote. Mjomba alinyoosha kiganja tu. Nikamwekea funguo.

Siku hizi nakaza boliti za magari ya wengine. Tausi alijifungua salama, mtoto wa kike, na aliyempokea mikononi ni bibi yake, Bi Mwanaidi. Mimi nimemwona nikiwa mlangoni. Sijapewa nimpakate, na siombi. Hamisi tunasalimiana, basi.

Vijana wenzangu wenye vichwa vya ndoto kama changu, moshi ni wa nje! Ukiambiwa na mtu anayekijua kitu, fanya alivyosema, na sabuni waachie watu waogee. Ukishaharibu, sema siku ile ile, hata kama sauti inakataa, kwa sababu kosa usilolisema halibaki bila mwenyewe. Watamtafuta wa kumbebesha, na watampata.

Na ukiwa nje unacheka na wenzako, ukasikia mtu anagonga kioo, usimpungie mkono. Tupa jembe. Nenda ukamfungulie.