Maji ya Kunawa ya Bibi

Harufu ya sabuni ya mche hunirudisha milimani Upare, chumbani kwa bibi, ukungu ukiingia dirishani polepole kama mgeni. Bibi hakuweza tena kumeza. Nesi alikuja kumfundisha mama kumlisha uji mwepesi kwa mpira uliopitishwa puani: amkalishe, uji ushuke wenyewe, asiusukume.

"Kwanza nawa mikono," alisema.

Mama akanawa. Kisha akasogeza beseni, akamnawisha na bibi, kidole kimoja kimoja, kwa kipande cha sabuni tulichowatunzia wageni, maana miaka ile sabuni ilikuwa adimu.

"Lakini bibi hatatumia mikono, dada."

"Sasa nesi, atajuaje kwamba anakula?"

Leo uji nimeuchuja mimi, na kitandani yuko mama. Kabla sijaushika mpira, amenyoosha mikono yote miwili.