Waya wa Mkono Wangu Ndani ya Eropleni

Nilimwita mume wangu mwongo, tena mbele ya mama yake. Alikuwa amerudi kutoka kambi ya wanajeshi kule Maktau, alikokuwa seremala wa kutengeneza mabawa ya eropleni, akatuambia kwamba ndani ya kile kidude kinachonguruma juu ya mashamba yetu ameketi mtu. Ameketi! Juu ya kiti, kama anayengoja uji!

"Aka, nenda zako," nikamwambia. "Mtu akae angani? Anashikiliwa na nini?"

"Mkononi ana kijiti, na miguu yake iko juu ya ubao. Nyaya zinatoka pale mpaka mkiani. Akisukuma, inageuka."

"Ati nyaya! Huko Maktau wanakunywesha nini?"

Hakukasirika. Mume wangu hakujua kukasirika, mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba ya nyumba nzima. Alisema tu, "Nitakuonyesha."

Ilikuwa wakati wa vita vya Wazungu. Wajerumani walikuwa upande wa Taveta, Waingereza wamejaa kwetu, na reli mpya kutoka Voi ilipita chini ya vilima vya Bura karibu na mji wetu. Mume wangu akirudi kutoka kazini alikaa uani akichonga. Akachonga mwili wa mti mwepesi, urefu wa mkono wangu, akauwekea mabawa ya kitambaa kilichopakwa utomvu mpaka kikakakamaa. Mimi niliona imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza anaanza! Akageukia lile shimo la kukalia rubani. Akashona kiti cha ngozi na mkanda wake. Vile visaa anavyovitazama rubani akavikata kwenye kopo la bati, mishale yake akaichora kwa masizi kwa ncha ya mwiba.

"Nani atachungulia humo?" nikamuuliza.

"Wewe. Si wewe uliyekataa?"

Zikabaki nyaya. Waya wa kambini haukuguswa, maana adui walikuwa wakizikata nyaya za simu ya jeshi kila mara, na mtu wa kwetu akikutwa na kipande cha waya wao alinyongwa bila maswali. Basi akautazama mkono wangu.

Lo! Niliuficha mgongoni. Kwetu siku zile mwanamke akiolewa alivishwa waya wa shaba, mwembamba, kazi ya fundi wa Kikamba, ukazungushwa tangu kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko. Haukutoka. Ulitolewa siku mume amekufa, na wanawake wazee ndio walioutoa.

"Niazime," akasema.

"Unataka nikukalie matanga na wewe uko hapa unakula?"

Mama mkwe akapiga ukelele, akasema hajaona uchuro kama huo tangu azaliwe, akanikataza kabisa. Labda ndiyo maana nilikubali. Hapana, nisidanganye, nilimpenda mtu yule, na alipoomba kitu aliomba kama mgeni. Nikaunyoosha mkono, akaukata ule waya, akauvua. Akaunyoosha juu ya jiwe, akaukata vipande na kuvipitisha ndani ya eropleni kwa sindano, kutoka kwenye kijiti mpaka mkiani.

Kisha akaniita. Akakisukuma kijiti kwa mwiba, na mkia ukainuka wenyewe! Niliruka nyuma nikakanyaga kibuyu cha maziwa.

"Sasa mwongo ni nani?" akacheka. Nikamwambia akisukume tena.

Sijui ni jirani gani aliyeuona uangavu wa shaba ile akaenda kusema. Askari walikuja asubuhi nikitwanga. Walimfunga mume wangu mikono kwa kamba mbele ya macho yangu, wakaichukua eropleni, wakasema ni jasusi, tena mwizi wa waya wa jeshi. Mchi ulinianguka nikawafuata hivyo hivyo, mabua ya mahindi yananichana, mpaka Maktau.

Mzungu mkubwa aliiweka eropleni mezani. Kando alisimama mkalimani wake, mtu wa pwani mwenye kanzu safi.

"Mama, nyamaza," mkalimani akaniambia, na hata sijafungua mdomo.

"Sinyamazi! Mwambie ule waya ni wangu. Mwambie autazame mkono huu!"

Nikauweka mkono mezani, pale pale kwenye karatasi zake. Waya uliokaa miaka ulikuwa umeacha mifereji kwenye nyama, ngozi ya ndani yake nyeupe. Mzungu akaukunjua waya mmoja ncha yake kutoka mkiani, akaulaza kwenye mfereji wa mkono wangu. Uliingia kama uliozaliwa humo.

Akacheka. Haki ya Mungu, mtu wangu alikuwa hatua mbili kutoka kwenye kitanzi na yule anacheka! Kisha akachungulia shimo la rubani. Akavitazama visaa, mkanda, ubao wa miguu. Akakisukuma kijiti kwa ukucha. Mkia ukainuka. Akamwita mwenzake, wakainama wote wawili, wakasemezana kwa muda.

"Mume wako hanyongwi," mkalimani akasema. "Mikono kama yake wanaitaka. Kesho anaondoka na eropleni zao kwenda nchi ya Wajerumani, ng'ambo ya Taveta."

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema asante.

Nilielewa njiani kurudi, eropleni waliyonirudishia imo mikononi mwangu na yeye hayupo. Nikakaa chini katikati ya njia. Mtu anaokolewaje halafu anachukuliwa? Mpaka leo niulizeni, sijui.

Vita vilipokwisha alikuja mtu wa Taveta aliyekuwa naye huko. Alikataa kukaa. Alisema homa, alisema ilikuwa haraka, akasema amezikwa mahali asipopajua jina. Wanawake wazee wakaja, wakanikalisha, na mkubwa wao akanishika mkono ili autoe waya. Akashika ngozi. Uso wake ulibadilika.

"Umetolewa na nani?" akauliza. "Lini?"

Mama mkwe akaingia ndani akaileta eropleni ile, akaiweka mbele yao. Wakashauriana. Wakasema desturi ni desturi, waya utoke popote ulipo. Macho yao hayakuziona ncha zake, nikapewa sindano mimi. Nikaufungua waya mmoja mkiani, nikauvuta.

Ndani ya lile shimo kijiti kikasogea. Kikaja nyuma taratibu, mbele ya kile kiti cha ngozi, vile vile kama kinavyovutwa na mtu aliyeketi. Niliiachia sindano nikapiga yowe hata mbuzi wakakata kamba, na mama mkwe akayaona niliyoyaona, akanikumbatia, naye akalia.

"Mwacheni mwanangu akae," akawaambia wale wazee.

Nikaurudisha waya mahali pake. Nyaya nyingine hazikuguswa. Watu wa kwetu wakasema mimi ni mjane ambaye hajatolewa waya, na hakuna aliyekuja kuniposa tena.