Kijiji Kilichoandikwa Sifuri

Nilirudi Tabora kwa treni nikiwa na cheti cha kutoboa kadi, na mji mzima haukuwa na kadi hata moja ya kutoboa.

Nilikuwa nimekaa Dar es Salaam karibu mwaka mzima nikisomea kazi ya kompyuta. Tulifundishwa kuchukua fomu na kuzihamishia kwenye kadi kwa mashine yenye vitufe, kila tarakimu na tundu lake. Kisha kadi ziliingizwa kwenye kompyuta yenyewe, iliyojaza chumba kizima na kupuliziwa hewa baridi mchana kutwa. Tuliambiwa mikoa nayo ingepata mashine zake. Kabla hazijaja, Serikali ikasimamisha kuagiza vyombo vya namna hiyo, nasi tukatawanywa. Mimi nilipangiwa ofisi moja ndogo iliyokusanya habari za vijiji vya ujamaa: kaya, watu, visima, mashamba. Tulijaza fomu kwa mkono na kuzituma Dar es Salaam.

Kwetu ni Ipole. Baba alikuwa mrina asali na mzee wa kanisa, na aliwatangazia waumini kwamba binti yake anazungumza na mashine. Kila nilipokwenda kusalimia, watu waliniuliza mashine imesema nini. Nilitabasamu tu.

Ofisini, juu ya meza ya karani mkubwa kuliko wote kwa umri, palikuwa na mashine ya chuma ya kujumlisha, ya kuzungusha kwa mkono kama cherehani. Wote waliiita kompyuta. "Mzee, hebu nipitishie hizi kwenye kompyuta," walisema, na mzee akafunua kitambaa cheupe alichoshonewa na mkewe, akaanza kuzungusha. Alikuwa mwenyeji wa mjini, wa zile familia za Kiislamu zilizokaa Tabora tangu enzi za misafara, na alikuwa na mashine hiyo tangu kabla ya Uhuru. Wenzake walimwita Ndugu Kompyuta, naye aliitika.

Kila nilipolisikia neno hilo liliniuma. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikuwa na kitu kingine cha kuonyesha zaidi ya kile nilichokijua. Niliona kama wananivua nguo yangu na kumvika mtu mwingine.

Siku moja walikuja wageni kutoka Dar es Salaam. Mkuu wetu wa ofisi aliwazungusha meza kwa meza, na walipofika kwa mzee, mzee mwenyewe akasimama na kufunua kitambaa.

"Na hii ndiyo kompyuta yetu," alisema.

Nilikuwa meza ya pili. Hakuna aliyeniuliza kitu.

"Samahani," nilisema. "Hii si kompyuta. Ni mashine ya kujumlisha. Kompyuta hupewa maagizo, ikayatunza na kuyafuata yenyewe. Hii ukiacha kuizungusha inalala."

Wageni wakacheka. Mmoja akasema, bila ubaya, "Kumbe mzee anatudanganya." Mzee akairudishia mashine kitambaa chake, akanyoosha pembe zote nne, halafu akanigeukia.

"Ahsante, binti," alisema. "Sikujua."

Kuanzia kesho yake hakuna aliyeiita kompyuta tena. Walisema "ile ya mzee." Yeye mwenyewe hakuitaja kabisa. Saa nne, birika la chai lilipoletwa, wote walivuta viti kwenye meza yake kama ilivyokuwa desturi, na mimi nikavuta changu. Mazungumzo yalikuwa ya mtu aliyemwona fisi karibu na reli. Nilipokaa, msimulizi alifupisha. Siku ya pili yakafupishwa tena. Mtu akitaka kunieleza jambo la kazi, alianza kwa kusema, "Dada, sijui kama ndivyo linavyoitwa..." Baada ya wiki mbili nikawa nakunywa chai mezani pangu.

Sikutukanwa. Nataka nilieleze hilo sawasawa, maana nilipomwandikia mama kwamba watu wananichukia, niliandika uongo. Walinisalimia vizuri asubuhi, wakaniaga jioni. Kati ya salamu na kuaga hapakuwa na neno. Jumapili nilikwenda kanisani, nikafua, kisha nikakaa ukingoni mwa kitanda katika chumba changu cha mtaa wa Ng'ambo nikila matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, aliyonitumia mama, nikisikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Nilijua sauti za watangazaji wote. Jirani mwenyewe sikumjua jina.

Aliyeendelea kuja mezani pangu ni mmoja tu, msichana mdogo kwangu kwa miaka mitatu hivi, karani mgeni aliyetoka mkoa mwingine. Pengine hakuwa amesikia kisa, au alisikia asijali. Alikuja na kikombe chake, akakaa ukingoni mwa meza, akaniambia habari za mchumba wake wa jeshini. Nilikuwa nikiamka asubuhi nikifikiria atakachonisimulia siku hiyo.

Mwaka ule mvua zilianza kwa kishindo, zikakata barabara za kusini, halafu zikakoma ghafla na mahindi yakaungua shambani. Siku ya kufunga bahasha ya fomu, yule msichana alikuja na karatasi moja mkononi.

"Kijiji cha mwisho hiki," alisema. "Fomu yao haijafika, barabara imekatika. Natia sifuri kila mahali. Kompyuta ya Dar es Salaam haipendi tupu, si ndiyo?"

Sivyo. Mwalimu wetu wa Dar es Salaam alilirudia jambo hilo hadi tukamchoka: nafasi tupu maana yake hatujui, sifuri maana yake tunajua, na hakuna kitu. Kompyuta haiwezi kukisia ulichokusudia. Nililijua hilo kama nilivyojua jina la baba yangu, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Kisha nikaviona vile viti vimezunguka meza ya mzee, na huyu mmoja aliyebaki amekaa kwangu.

"Haya," nikasema. "Funga."

Miezi ilipita. Orodha ya mahindi ya msaada, iliyotokana na fomu zetu, ilitoka Dar es Salaam, ikapelekwa ghalani. Wiki moja baadaye mama mmoja wa makamo aliingia ofisini, vumbi jekundu limemfika magotini. Alikuwa amekuja kwa lori la tumbaku, na sehemu nyingine kwa miguu.

"Shikamoo, mama," nilimwambia, kwa kuwa meza yangu ndiyo ilikuwa karibu na mlango.

"Marahaba, mwanangu." Akataja kijiji chake, kile cha karatasi ya mwisho. "Tulifuata mahindi ghalani. Karani akaangalia orodha, akatuambia kijiji chetu hakina watu. Wenzangu wakanituma nije niwaonyeshe mtu mmoja."

Hakusema kwa hasira. Alibaki amesimama ili tumtazame.

Yule msichana alielewa mara moja. Niliona mikono yake ikishika ukingo wa meza. Mkuu wa ofisi alitoka chumbani mwake akauliza nani aliyeijaza fomu ile, naye akajibu kwa sauti ndogo, "Mimi." Mkuu akamwita ndani. Nilikaa nimeinamisha kichwa, kisha nikainuka, nikaenda kusimama mbele ya meza ya mzee. Tangu siku ya wageni sikuwa nimeifikia kwa jambo langu mwenyewe.

"Mzee, madaftari ya zamani ya kijiji hiki unayo?"

"Ninayo."

"Nililiona lile kosa. Aliniuliza, nikamwambia afunge."

Akauliza, "Kwa nini?"

"Niliogopa atanichukia."

Mzee aliingia chini ya meza, akatoa madaftari matatu, akayapangusa. "Binti," alisema, "mimi ulinisema mbele za watu, kwa jambo ambalo halikumdhuru mtu. Huyu ungemnong'oneza tu pale mezani, mkiwa wawili." Akafunua mashine yake, akaniambia nimsomee kaya moja moja.

Nilisoma na yeye akazungusha hadi alasiri, yule mama akiwa kwenye benchi akiturekebisha: huyu amekufa, hawa wamehamia Kigwa, hapa wamezaliwa wawili. Mkuu alitia sahihi orodha mpya jioni ile ile. Lori la mahindi liliondoka siku ya tatu. Baadaye nilisikia kwamba wazee wawili walizikwa kijijini kabla halijafika. Sikuambiwa kama ni njaa au umri, na sikuthubutu kuuliza.

Niliandika barua kwa mkuu nikieleza kwamba niliulizwa na nikaidhinisha. Aliisoma nikiwa nimesimama, akaitia kwenye jalada. "Fomu ina jina moja," alisema. Msichana akahamishiwa Usoke, kwenye kituo cha kupokea tumbaku.

Nilimsindikiza stesheni. Nilimbebea sanduku, yeye akabeba godoro lililofungwa kamba. Nilikuwa nimemwambia kila kitu siku iliyotangulia, naye akaendelea kufunga mizigo yake. Treni ilipoingia alipanda, akaweka vitu vyake, kisha akarudi dirishani.

"Ungeniambia tu, dada," alisema. "Mimi nilikuwa nakuuliza kwa sababu ulikuwa unajua."

Treni ikaondoka.

Mzee alistaafu mwaka uliofuata. Siku yake ya mwisho alinipa mkono kama alivyowapa wengine, si zaidi wala pungufu. Meza ya chai ilihamia kwingine, na siku moja mtu akanivutia kiti, nikakaa, lakini nilikuwa nimeshazoea kunywa haraka.

Nilimpelekea barua mbili huko Usoke. Sikupata jibu. Miaka kadhaa baadaye nilisafiri kwenda Kigoma, treni ikasimama Usoke kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nilifungua dirisha nikatazama jukwaa lote. Wanawake walikuwa wakiuza kuku wa kuchoma na asali kwenye chupa. Nilimwita mmoja, nikamtajia yule karani kwa jina. Alifikiri kidogo, akasema alishaolewa, alishaondoka, hajui wapi. Nikanunua asali, ingawa kwetu tulikuwa nayo tele.