Mizizi ya Mama Mkwe na Giza la Dagaa

Miaka sita nilikunywa mizizi. Kila mwezi mama mkwe alinichemshia sufuria nzima, chungu ajabu, akasimama mlangoni pa chumba changu pale Igogo mpaka niimalize. Nilikuwa nimeolewa na sina mtoto. Watu mtaani walinitazama tumbo kwanza, ndipo wakanisalimia.

Mume wangu aliponioa alikuwa ameshapunguzwa kazi, siku zile viwanda vya serikali vinafungwa na kila mtu anaambiwa ajitafutie. Akaenda visiwani kuvua dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa za karabai wakati wa giza, zile wiki ambazo mwezi haung'ai. Mbalamwezi ikiwaka hawazifuati taa, basi wavuvi wanarudi kupumzika. Giza, yuko ziwani. Mbalamwezi, yuko nyumbani wiki moja, anashona nyavu na kulala.

Na siku zangu nazo zilikuja na mbalamwezi, hazikosi. Niliona ni mkosi wangu tu, mwanaume anafika na mimi ndiyo naanza.

Zahanati nilikwenda kwa sababu ya tumbo, maana ile mizizi ilikuwa inanikata. Nesi, mama mtu mzima aliyechoka kuliko mimi, akaniuliza tarehe ya siku zangu za mwisho. Nikamwambia tarehe siijui, ila zilianza mbalamwezi ilipotimia, kama kawaida. Akauliza mume wangu anafanya kazi gani. Nilipomjibu akaishusha kalenda ukutani.

Akanieleza taratibu kwamba mwilini kuna homoni, maagizo yanayopita kwenye damu. Hedhi ikiisha zinapanda, yai linakomaa, kisha linatoka, kama wiki mbili kabla ya hedhi nyingine. Likishatoka halimalizi hata siku mbili. Alihesabu kwa kidole, na kidole kikaishia katikati ya giza.

"Mama, mimi ugonjwa siuoni," akasema. "Siku zako za kushika mimba, mwenzio yuko ziwani."

Sikufurahi hata kidogo. Nilikasirika mpaka machozi. Miaka sita, jamani, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali jepesi kama lile.

Mume wangu alibisha. Giza ndilo linalotulisha, alisema, akikaa nyumbani tutakula nini? Nikamwambia nimechoka, sina nguvu ya kugombana, anipe magiza mawili tu. Akawatumia wenzake salamu kwamba ana malaria. Giza la kwanza halikuleta kitu, na mama mkwe akamwita mvivu anayejificha kwa mke. La pili lilipopita, mbalamwezi ikaja, siku zangu hazikuja. Ikaja nyingine, kimya.

Mama mkwe alipiga vigelegele hadi barabarani. Akautangazia mtaa mzima kwamba mizizi yake imejibu, mwenye shida aje. Sikubisha. Nilikuwa natapika tangu asubuhi, ningebisha kwa nguvu gani?

Basi wakaja wanawake wawili. Mmoja nilimfahamu, mume wake alivua dagaa kambi moja na wangu. Nilimwona akipokea chupa yake ya mizizi kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka. Nilitaka kulala tu, Mungu anajua. Nikajifunga kanga, nikamfuata barabarani, nikamuuliza siku zake huwa zinakuja lini.