Barua ya Shukrani Niliyowasomea Wabunge

Aibu hii nimekaa nayo kimya muda mrefu, na nikiwasimulia leo msidhani imeisha, ni hasira tu imeizidi nguvu.

Miaka ile kambi zimejaa Warundi, mimi nilikuwa fundi cherehani pale mtaa wa Mwanga, mjini kwetu karibu na kambi, na Jumapili nafundisha watoto kanisani (wanaosema cheo hicho nilijipa mwenyewe hawakosei sana). Siku moja akaja mama mkimbizi, Dafroza, ana kibali cha kutoka kambini siku tatu, mgongoni kambeba binti yake wa miaka saba ambaye alikuwa hawezi kukanyaga chini. Mtoto waumini walimchukua kambini eti akaombewe, akafungiwa siku nne bila chakula kwenye nyumba ya maombi ya mchungaji wetu, njia ya kwenda Ilagala, anachapwa nyayo ili pepo atoke. Pepo mwenyewe alikuwa kifafa.

Nikaenda kwa afisa wa ustawi wa jamii, akanieleza kwamba shule inakaguliwa, kituo cha kulea watoto kinakaguliwa, lakini nyumba ya maombi hakuna sheria inayomruhusu kuingia kuangalia watoto wanaishije, mpaka mmoja aumie kuliko huyu ndipo waitwe polisi. Kwa bahati kamati ya wabunge ilikuwa mjini kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu sheria ya watoto, basi nikaandika barua kutaka nyumba zote za dini zinazolaza watoto zikaguliwe, na mimi na akina mama, Dafroza akiwemo, tukaweka saini na dole gumba kwenye karatasi ya pili.

Sasa mwandiko wangu ni kama kuku aliyepita kwenye unga, nikaona haya kuupeleka kwa wakubwa, nikampa Simeoni aichape na kuibana pamoja na ile karatasi ya saini, mwenye duka la kuchapa karatasi, mzee wa kanisa letu (ndiyo, wa kanisa lile lile, nichekeni). Asubuhi nikaichukua ndani ya bahasha, na badala ya kuisoma nikashughulika na kilemba.

Jina langu likaitwa. Nikasimama kwenye kipaza sauti, nikasoma kwa madaha ya mwanakwaya kwamba sisi akina mama tunaishukuru nyumba ya maombi kwa malezi mema, na tunaiomba Serikali isiingilie mambo ya ibada, na mdomo ulikuwa mbele ya akili kiasi kwamba nilifika mwisho ndipo nikasikia nilichosema. Ukumbi ukapiga makofi. Mchungaji, aliyekaa mstari wa mbele, akaitikia amina. Na Dafroza, ambaye Kiswahili kilikuwa kinampita, alipoona watu wanapiga makofi akapiga na yeye.

Nikasema hii siyo barua yangu. Mwenyekiti akaichukua, akafunua karatasi ya pili akainyoosha mbele yake.

"Mama, saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi tumeipokea."

Watu wakacheka. Nikairukia ile karatasi nimnyang'anye, ikachanika, kipaza sauti kikaanguka, kilemba kikafuata, na askari akanishika kiwiko akanitoa nje huku namtukana Simeoni kwa Kiha.

Nje Dafroza akaniuliza kwa Kirundi kama wamekubali. Nilipomweleza, alikaa kwenye ngazi na mtoto mapajani, hakulia, akasema tu, "Andika tena. Kibali changu kinaisha leo." Nikaandika palepale kwa mkono, akaweka dole lake, na karani wa kamati akaipokea walipotoka kwenda kula. Barua mbili, za mtu mmoja, faili moja. Sijui waliamini ipi, maana sheria tuliyoomba sijaisikia mpaka leo.

Jioni nikamfuata Simeoni dukani. Hakukana.

"Nililinda nyumba ya Mungu," alisema.

"Na mtoto alindwe na nani?"

Akaendelea kupanga karatasi zake kama vile sikuwepo.

Kanisa lile sijarudi. Kujifunza nimejifunza, kwa gharama ya watu wengine: mtoto akiniambia kafanywa nini, nitayafikisha maneno yake mwenyewe, yakiwa mabaya na yenye makosa hivyo hivyo, na sitampa tena mtu yeyote ayapambe.