Spika Moja Mbeya, Moja Iringa

Wufa ya spika yangu ilikufa katikati ya masika, wakati nina sare za shule za kushona zimejaa mpaka kitandani. Sikushangaa. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kushangaa kulinishinda. Ile spika kubwa ya chini, ambayo ndiyo inatoa besi, ilianza kukoroma, ikaja kukwaruza, halafu ikanyamaza kabisa. Zikabaki mbili ndogo za juu zikilia kama redio ya mlinzi. Ninaishi Iyunga, hapa Mbeya, jirani na barabara kuu, malori yananguruma kutwa nzima. Bila besi hakuna wimbo unaofika kwenye cherehani yangu. Unasikia chiii, chiii, basi.

Inabidi nieleze kwa nini nina spika moja, maana kila fundi aliniuliza hilo, na kila mara nilichoka upya. Zilikuwa mbili. Baba yetu alizinunua alipokuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi Mgololo, masanduku ya mbao yanayofika kiunoni, kila moja lina spika tatu ndani: ya besi, ya kati, na kale kadogo ka sauti nyembamba. Alipofariki, siku ya kumaliza matanga, wazee wa ukoo walikaa kugawa vitu vyake. Koti kwa huyu, jembe kwa yule. Walipofika kwenye spika, mdogo wangu wa kiume akasema zibaki kwake Iringa, kwa kuwa yeye ndiye anabaki nyumbani. Mimi nikasema zije kwangu, kwa kuwa ndiye niliyezifuta vumbi usichana wangu wote wakati yeye yuko uwanjani anacheza mpira. Tukarushiana maneno mbele za watu. Baba mkubwa, ambaye alikuwa ameshakunywa ulanzi wa kutosha, akagonga fimbo chini na kuamua: spika mbili, watoto wawili, kila mtu achukue yake.

Jamani! Kama kugawa jozi ya viatu, huyu wa kulia, huyu wa kushoto. Na hakuna aliyecheka. Sanduku langu likapakiwa kwenye basi, lake akaliingiza ndani, na hatukuagana.

Kuanzia hapo, tukikutana msibani ni "Kamwene, dada," nami "Kamwene," halafu kila mtu anatafuta kiti cha mbali. Watoto wa mama mmoja! Iliniuma, tena iliniuma sana, lakini sikuwa tayari kuanza mimi. Mama alishatangulia. Nikianguka leo kwenye hii cherehani, mtu wa kupigiwa simu ni yeye peke yake, na namba yake nilikuwa nayo tu kwenye simu, sijawahi kuibonyeza.

Basi nikaanza kuzunguka na wufa yangu kwenye mfuko wa rambo. Fundi wa kwanza, wa hapa mtaani, hakuitazama hata. Akaniambia, "Mama, hizi ni za kizamani. Hilo sanduku wekea kuku, nunua sabufa ya taa." Nikamwuliza kama nimekuja kununua taa. Nikaondoka zangu.

Wa pili yuko mjini, ana kibanda kimejaa spika kuukuu hadi mlangoni. Huyu angalau aliigeuza, akaibonyeza kwa vidole, akaguna. Mpira wa pembeni umeoza, akasema, na koili imeungua.

"Uliendelea kuipiga ikiwa imechanika?"

"Niliendelea. Ulitaka niimbe mwenyewe?"

Akanipangia alizokuwa nazo. Kulikuwa na wufa mpya za kichina, zimeandikwa manamba makubwa ya wati mbele, lakini ukiinua unaona nyepesi kama sahani ya plastiki, sumaku yake ndogo kuliko kifuniko cha chupa ya chai. Kulikuwa na wufa iliyotolewa kwenye gari, nzito, nzuri kwa macho, mpaka nikaanza kuipenda. Fundi akanikatisha. Ile ni ya om nne na za nyumbani kama yako huwa om nane, akasema, amplifaya yako itachemka kama birika. Tena inapiga besi nzito ya kumeza zile ndogo za juu. Utasikia ngoma, mwimbaji hutamsikia. Ya tatu ilikuwa imetolewa kwenye sanduku la nyumbani kama langu, imetumika lakini nzima, mpira wake mzuri. Ila ile ilikuwa jozi, naye hauzi nusu jozi.

"Na mimi nina sanduku moja," nikasema.

"Pacha wake yuko wapi?"

"Iringa, kwa mdogo wangu."

"Maandishi ya hii yako yamefutika," akasema. "Nataka kujua yalisema wati ngapi hasa, nisije nikakuuzia kitu kisichoendana. Mwenye pacha akusomee tu kwenye simu. Kazi ya dakika mbili."

Dakika mbili! Nilirudi nyumbani nikashona, nikapika, nikafua, mpaka nikaishiwa na visingizio. Nikapiga moyo konde nikabonyeza ile namba. Akapokea upesi, kwa hofu, akauliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna aliyefariki, wufa tu, nikamweleza anachotaka fundi. Akasema, "Dada, nipe mpaka kesho. Nikitoka shamba nitaifungua."

Kesho yake alinipigia yeye. Alikuwa na kila kitu: upana, maandishi ya nyuma, mpaka misumari ni mingapi. Nikampelekea fundi. Fundi akataka kujua kama ndani ya sanduku kuna pamba, na kama sanduku limezibwa kote au lina tundu nyuma. Langu nilikuwa nalo hapo hapo nyumbani, ningechungulia mwenyewe. Sikuchungulia. Nilimpigia mdogo wangu. Naye tena akasema mpaka kesho, na kesho ikaja, akasema pamba ipo, tundu hakuna. Tukaongea kidogo kuhusu viazi vyake, vimeliwa na ukungu. Nikamwambia mgongo wangu umegoma. Akaniambia dawa ya kuchua, nami nikamwambia hiyo dawa nimeshajipaka mpaka nanuka kama duka la dawa. Akacheka. Kicheko chake ni cha baba kabisa, nilikuwa nimesahau.

Nikaendelea kuuliza. Rangi ya waya, kitambaa cha mbele kama bado kipo, sauti yake kama inakwaruza. Siku moja nikasema, "Hebu iwashe niisikie," akajibu umeme umekatika. Siku nyingine pia umekatika. Nikasema hao watu wa umeme wa huko wana roho mbaya kweli.

Mwishoni nilinunua ile jozi. Sherehe ya kipaimara ilikuwa imeniletea vitambaa vingi, nikapata cha kushika, na fundi akalainika kidogo baada ya mimi kuondoka na kurudi, kuondoka na kurudi, mpaka akachoka yeye. Moja alinifungia kwenye sanduku langu. Niliweka wimbo, nikakaa kwenye kiti changu cha kazi. Besi ikaja taratibu, imetulia, na mwimbaji juu yake anasikika kila neno. Nililia, nasema kweli. Halafu nikaifunga ya pili kwenye khanga, nikakata tiketi ya Iringa. Yake nayo ni ya umri ule ule, mpira wake utakuwa njiani kuoza. Tungeifunga pamoja, tungekaa, yale ya matanga tungeyamaliza.

Alinipokea stendi. Amekonda, na ana mvi ambazo hakunitajia kwenye simu. Alining'ang'aniza tule kwanza. Tukala. Akasema tupite kwanza kumsalimia mtu mmoja njiani, na mwingine, kabla ya kuteremka kwake, chini ya Tosamaganga. Nilikuwa nimechoka hoi, miguu imevimba, nikamwambia mdogo wangu, kama kuna mtu mwingine wa kusalimiwa atanisalimia nikiwa nimelala. Ndipo akanipeleka nyumbani.

Sebuleni kulikuwa na viti, meza, gunia la mahindi. Nikatazama kona zote.

"Iko wapi?"

"Kwa jirani, pale juu kilimani."

"Imefuata nini kwa jirani?"

Akavua kofia. "Aliinunua, dada. Ule mwaka mbolea ilipopanda bei. Mahindi yalikuwa yanageuka njano, sikuwa na kitu kingine ndani cha kuuzika."

Nilisimama na ile khanga mikononi, wufa ndani yake nzito kama jiwe la kusagia. Hasira ilinipanda, halafu nikakumbuka kitu, ikasimama njiani.

"Na yale yote uliyokuwa unanisomea?"

"Nilikuwa napanda kwake. Nikitoka shamba naazima bisibisi, namwomba, ananiruhusu kufungua. Ile siku ya rangi ya waya mkewe alisimama mlangoni na mwiko, akaniuliza kama nataka kuiiba kipande kipande."

Loh! Nilicheka, sikutaka kucheka, nikacheka mpaka nikakaa juu ya gunia. Kile kilima si cha mchezo, na yeye goti lake bovu, mvua yote ile. Kisha hasira ikarudi.

"Sasa si ungesema tu? Mtu mzima unapanda mlima na kushuka kwa ajili ya pamba! Ungeniambia, dada, niliuza. Ningekula mtu?"

Alikuwa akiitazama kofia yake, anaizungusha.

"Ningekuambia niliuza," akasema, "ungenipigia tena kuniuliza nini?"

Niliiweka ile khanga juu ya meza. Nikamwambia anipe maji ya kunywa.