Mapokezi ya Ahmedabad

Kama umeshaiona ile video, basi unajua pua inayovutwa ni yangu, na sitakataa. Lakini wengi hapa Eldoret wameona sekunde chache tu, na sekunde chache haziwezi kueleza mtu mzima mwenye akili zake alifikaje pale, kwa hivyo keti nikueleze polepole, na ukitaka kucheka, cheka, mimi nimezoea.

Mimi ni mpiga gitaa. Bendi yetu ina watu watatu: Chebet ndiye mwimbaji na kiongozi, Kamau anapiga ngoma, halafu mimi. Tulipoalikwa kwenye tamasha la muziki huko Ahmedabad, India, pasipoti ya Kamau ilichelewa, akabaki kwa duka lake West Indies (huo ni mtaa wetu hapa mjini, usidhani naye alivuka bahari), tukaenda wawili. Chebet alikuwa na wasiwasi na mimi, na alikuwa na haki, kwa sababu siwezi kutulia. Hata kwa mazoezi huwa natembeatembea na gitaa mpaka waya inachomoka. Akaniambia wazi tukiwa ndani ya ndege: "Kiprono, hii safari ndiyo mtihani wako. Ukiniharibia shoo, nikirudi natafuta mpiga gitaa mwingine. Sitanii."

Siku ya shoo, mwenyeji wetu alikuwa ametuahidi kwamba atatuchukua hotelini saa nane, na kwamba wageni wote watapokelewa kwa ngoma na maua. Chebet akalala kupumzisha sauti. Mimi nikakaa kitandani, nikasimama, nikakaa tena, nikachungulia dirishani, nikafunga viatu, nikavifungua. Saa sita ikanikuta nimeshavaa nguo za jukwaani na gitaa liko mgongoni, nikajiambia nitazunguka jengo mara moja tu. (Kumbuka hiyo "mara moja tu". Shida yote ilizaliwa hapo.)

Rafiki, lile joto! Sisi ni watu wa kuvaa sweta mpaka saa nne asubuhi, na kule jua linakushika shingo kama askari. Pikipiki zinapita huku na huku, kila mtu anapiga honi, ng'ombe amelala katikati ya barabara hana habari na mtu, ngamia anavuta mkokoteni, viungo vinakaangwa kila kona, na mimi kila nikisema nirudi naona kona nyingine ambayo sijaichungulia. Nikapinda kushoto, nikapinda tena, na baada ya saa moja na zaidi sikujua hoteli iko upande gani.

Ndipo nikasikia tarumbeta na ngoma, na umati ukajitokeza, wanaume wenye vilemba vyekundu wakicheza barabara nzima. Mzee mmoja akaliona gitaa langu, macho yakamng'aa, akanivuta mkono, akanivisha shada la maua ya manjano. Kabla sijapumua, mwingine akanipa glasi ya maziwa ya mgando, baridi, yenye chumvi kidogo.

Sasa, kwa asiyetoka huku kwetu, nieleze. Mwanariadha akirudi na ushindi, tunamngoja pale uwanja wa ndege na nyimbo, anavishwa sinendet (ule mmea wa kutambaa wa washindi) shingoni, halafu anapewa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, anywe mbele ya watu. Nimewapigia gitaa mashujaa wengi hapo. Sijawahi kuvishwa hata jani. Kwa hivyo ukinipa ngoma, shada na maziwa ya mgando kwa wakati mmoja, na niliahidiwa mapokezi, unataka niwaze nini?

Nikampigia Kamau simu ya video.

"Kamau! Wamekuja kunipokea!"

"Wacha! Hao wote?"

"Hao wote!"

"Na huyo farasi ni wa nani?"

Nikageuka. Kweli, nyuma yetu kulikuwa na farasi mweupe, na juu yake kijana aliyevaa dhahabu tupu.

"Huyo ni wa mapambo tu," nikamwambia.

Nikapiga gitaa, wakashangilia, tukaenda mpaka kwenye lango lililojaa maua. Akina mama walikuwa wamesimama pale, na mmoja wao, mwenye sari ya kijani, ameshika sinia yenye taa ndogo. Mimi nikakumbuka adabu ya nyumbani, kwamba mama hangojeshwi, nikajipitisha mbele ya wote nikainamisha kichwa.

Muziki ukanyamaza.

Nikatazama nyuma. Yule kijana wa dhahabu alikuwa ameshuka, amesimama hatua mbili nyuma yangu, mikono inaning'inia. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba kule mama wa bibi harusi humpokea bwana harusi langoni, na kwa utani hujaribu kumshika pua, asisahau kwamba amekuja kuomba. Yule mama akamwangalia kijana, akaniangalia mimi, akatabasamu, akaikamata pua yangu akaivuta mbele ya kila mtu. Watu wakaangua kicheko, bwana harusi mwenyewe akishika mbavu, na kutoka kwa simu nikasikia, "Kiprono! Umeoa?"

Ndipo nikaona saa: nane na nusu. Chebet alikuwa amenipigia mara saba.

Ndugu wa bwana harusi alinipakia kwa pikipiki yake tukakimbia. Nilimkuta Chebet jukwaani, peke yake, anajipigia makofi ili apate mdundo. Nilimharibia nyimbo mbili; ya tatu nikaipiga nikiwa na shada shingoni na pua nyekundu, naye hakunitazama. Aliniambia tu, "Tutaongea nyumbani."

Tulipotua Eldoret nikasikia nyimbo. Kamau alikuwa pale na akina mama kutoka Kesses, na sinendet, na kibuyu. Nyuma yangu kulikuwa na kijana mrefu, mwembamba, mwenye suti ya mazoezi. Nikajua ni mwanariadha. Nikasogea kando na gitaa langu, nikamwambia, "Pita, kaka, wanakungoja."

Akashangaa. "Mimi? Mimi nauza mbegu za mahindi."

Mkono ukanisukuma mgongoni. Alikuwa Chebet.

"Enda, Kiprono. Leo kweli ni wewe."

Nikavishwa, nikanywa, na yule mama wa kibuyu (Kamau alikuwa amerekodi ile simu yetu, akamwonyesha video) akanyoosha vidole akaivuta pua yangu taratibu, uwanja mzima ukacheka, mimi nikacheka na machozi.

Kwa hivyo wewe usiyetulia, nakuelewa kabisa, na sikwambii ubadilike kwa siku moja. Nakwambia tu: kabla hujainamisha kichwa, hakikisha umeitwa kwa jina.

"Kesho mazoezi saa tatu," Chebet akasema tukielekea kwa gari. "Na utapiga ukiwa umeketi."

Naketi mpaka leo. Kamau amekiandika kiti changu kwa chaki: BWANA HARUSI.